Mdogo wangu, kabla hujapanda ndege tena

Mdogo wangu,

Nimesikia kwa mjomba kwamba wamekuita tena kwenye yale mashindano ya televisheni ya kuishi porini na kupigiana kura, msimu wa washiriki wa zamani, na umeshasaini. Mimi dada yako hukuniambia. Haya. Naandika hapa kwa sababu simu yangu hupokei, na kwa sababu waliokushangilia kuanzia Mikindani mpaka Newala nao wana haki ya kujua safari hii unakwenda na nini kichwani.

Kwanza mwili, maana hapo ndipo mlipoharibu, wewe na yule kocha wako. Ulikwenda umekauka kama siku zile za mita 400, huna hata tone la mafuta. Kamera zilikupenda, njaa ikakupenda zaidi. Mwanamume wa kilo 75 akilala tu kutwa anaunguza kalori kama 1,700. Gramu 100 za mchele mbichi zinampa 350 hivi. Pengo hilo lazima lijazwe na kitu, na kilo moja ya mafuta ya mwilini ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Asiye na akiba, mwili unatafuna misuli, na wewe uliitafuna ya mapaja tukikuona. Kwa hiyo ongeza kilo tano au sita kabla ya kuondoka: ugali, samaki wa nazi, korosho, usingizi wa mchana. Mbio za asubuhi acha. Ukifika kule usikimbie hata kwenda kuchota maji.

Halafu wanariadha mna balaa lenu. Makundi yakiwa mawili, kila mtu anamtaka mwenye nguvu upande wake. Yakiunganishwa, mwenye nguvu ndiye anayepigiwa kura mapema. Ethan Zohn alikuwa golikipa wa kulipwa na bado akashinda Survivor ya Marekani, shindano kama hilo lenu, ile iliyorekodiwa Shaba, Kenya, mwaka 2001, na kwa maoni yangu alishinda kwa kupendwa kuliko kuogopwa. Jeff Kent wa beseboli alificha kazi yake ya zamani kwenye msimu wa Ufilipino uliorushwa mwaka 2012, na hata hivyo wakamtoa kabla ya mwisho. Kuficha medali ni mbinu ya mchezo, silaumu. Ungesema unauza vocha, ningecheka tu.

Nisichoweza kukimeza ni ile jioni ya nazi.

Unaijua. Mlikuwa na nazi tele, kundi zima midomo imepasuka kwa kiu, na yule binti wa bara anaziponda kwa jiwe, maji yote yanaishia mchangani. Akakugeukia: "Wewe si mtu wa pwani?" Ukatabasamu lile tabasamu lako la kupokelea zawadi, ukasema umekulia bwenini, hayo mambo huyajui. Kamera ikasogea mpaka kwenye kiganja chako cha kushoto, na lile kovu la kifuo, kile kigingi cha kufulia nazi, likaonekana nchi nzima. Mama akauliza, "Amesema hajui?" Hakuna aliyemjibu. Viatu vyako vya kwanza vya misumari vilitoka kwenye nazi, mdogo wangu, na nazi hizo hazikujifua zenyewe.

Basi kwa kuwa umesahau, nakuandikia. Kifuo cha mti mgumu, kimo cha goti kikishachimbiwa, theluthi yake iwe chini ya ardhi na mawe yashindiliwe pembeni, kisitikisike. Ncha iwe bapa kama patasi, isiwe sindano. Ya sindano inatoboa kifuu. Shika nazi kwa mikono miwili, ishushe upande wa kikonyo, ncha ipite kati ya kumbi na kifuu, kandokando. Usiilenge katikati ya nazi. Ikishazama, usivute juu: sokota kwa nje, kipande cha kumbi kitaachia. Geuza, rudia, mara tatu au nne imekwisha. Kifua chako kisiwe juu ya ncha hata siku moja. Wanaoteleza huangukia hapo. Kisha igeuzegeuze kiganjani huku ukiigonga kiunoni mwa nazi kwa mgongo wa panga, itapasuka nusu kwa nusu. Maji toa kwanza kwa lile jicho laini, kati ya yale matatu. Na usiwaache wale nazi nyingi kwa siku moja kwa sababu tu zipo. Tumbo tupu likijazwa nazi linaharisha, na kuharisha kunaondoa maji mengi kuliko uliyokunywa. Maji ya kisima yachemke hasa, yatokote dakika nzima, ndipo mnywe.

Makumbi msitupe. Hapo ndipo moto ulipowashinda siku nne. Chambua makumbi makavu mpaka nyuzi ziwe laini kama nywele, zifinyange kiasi cha ngumi, uzilaze na nguo usiku maana umande wa bahari unazilowesha hata chini ya paa la makuti. Ukipewa chuma cha cheche, usisukume kisu mbele. Kisu kitulie, uvute chuma nyuma, la sivyo unatawanya nyuzi zako mwenyewe. Wakikunyang'anya chuma, rudi kwenye ulindi na uwimbombo, vile vijiti vya kupekecha moto: mti mkavu, usio na utomvu, pengo likatwe ubavuni ili unga mweusi udondoke na upate hewa. Wengi hupekecha kwa nguvu mwanzoni wakachoka kabla moshi haujawa mzito. Anza polepole, nguvu weka mwishoni. Wewe wa mita 400 hilo la kugawa pumzi nikufundishe mimi?

Tena sikiliza. Kwenye ile ya Marekani, tangu 2017 wakibaki wanne, wawili hushindana kuwasha moto hadi uunguze kamba iliyo juu. Makumbi huvuta moshi, hayatoi ndimi ndefu. Makuti makavu hulipuka na kuzimika. Katikati panahitaji vijiti vyembamba vingi, visimame, hewa ipite chini. Moto mpana hauifikii kamba.

Bahari najua utaitazama tu, lakini sema nao. Bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ndipo mwamba unakaa wazi. Maji mafu msijisumbue. Fuateni maji yanapokupwa, yakigeuka nanyi mgeuke. Pweza mtafute kwenye tundu lenye maganda na vijiwe mlangoni, mpige mwambani mpaka alegee. Mnapotembea kwenye mchanga, buruzeni miguu kwa ajili ya taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Bunju, samaki anayejivimbisha, asiguswe na mtu, sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Na mkikuta muhogo umeachwa porini, hesabuni kuwa ni mchungu: menyeni, loweka siku tatu, anikeni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu wa Mtwara ulipata konzo kwa muhogo ulioharakishwa, watu miguu ikakakamaa moja kwa moja. Miguu yako nayo hainunuliki.

Sasa ile video. Najua unawaambia watu kwamba dada yako alikataa kukutumia salamu, ndiyo maana siku ile wenzako waliona ndugu zao kwenye skrini na wewe ukaona mjomba anakohoa. Nilikataa, ndiyo. Walikuja na karatasi ya maneno ya kusema: kwamba tumetoka kwenye umaskini wa kutisha na wewe ndiye mwanga wetu. Nikawauliza kama naweza kusema mama anauza nazi Soko Kuu, wakasema hiyo haina hisia. Na ile ya kovu ilikuwa imeshapita. Ulitaka nikae mbele ya kamera nimsifu mtu asiyetujua? Mtu yeyote angekataa. Wasomaji mnaomjua, mwambieni.

Ila wakija tena, karatasi ibaki kwenye gari, nitasema. Nitasema umekuwa mkali wa mbio tangu UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, na nitasema mengine.

Mama hatumii tena ile namba. Piga ya mjomba, baada ya magharibi, mchana yuko shambani.

Dada yako.