Barua kwa Mdogo Wangu Kuhusu Malengo ya Mwaka Mpya

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku ughaibuni. Natumai barua hii itakukuta u buheri wa afya, pamoja na wazazi, ambao naomba uwafikishie shikamoo yangu. Mimi ni mzima na kazi zinaendelea.

Nimeisoma kwa makini orodha ya malengo yako ya mwaka mpya, na kwa kuwa umeniomba nikueleze ukweli, nakueleza kwamba ni ndefu mno. Umepanga kumaliza stashahada, kuanzisha biashara, kuweka akiba, kujifunza Kifaransa, kufanya mazoezi kila siku, na mengine ambayo sina haja ya kuyarudia. Hakuna hata moja lililo baya, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana kuacha jambo baya ni rahisi kuliko kuahirisha jambo jema. Lakini yote yanazitegemea saa zilezile za jioni na mshahara uleule mmoja. Usipoamua wewe lipi litangulie, uchovu ndio utakaokuamulia.

Ningekuwa wewe, ningeanza na lile lenye muda usiosubiri. Mtihani wa stashahada una tarehe yake, ilhali Kifaransa hakina. Kisha ningetazama malengo yanayopingana. Biashara na akiba, kwa jinsi ulivyoziandika, zinavutana: huwezi kutoa mtaji na kujaza akiba kwa fedha zilezile katika miezi ileile. Akiba ikitangulia mwaka huu, biashara itapata mtaji wake mwakani. Biashara ikitangulia, huenda ukakosa vyote viwili. Najua hili halitakufurahisha, kwa sababu biashara ndiyo uliyoiandika kwa herufi kubwa.

Jihadhari pia na mambo ya haraka. Mwaka 1954, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani alimnukuu katika hotuba mkuu wa zamani wa chuo kimoja, aliyesema kwamba ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, na kwamba ya haraka si muhimu, wala ya muhimu hayawi ya haraka kamwe. Naona alitia chumvi kidogo, kwani mgonjwa akizidiwa, hilo ni la haraka na ni muhimu pia. Hata hivyo, simu inayolia wakati wa kusoma huwa haina uzito inaoudai.

Kuhusu mazoezi na akiba, tatizo ni namna ulivyoyaandika. "Kuweka akiba zaidi" hakukuambii ufanye nini siku ya mshahara. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amelichunguza jambo hili kwa miaka mingi, na ameonyesha kwamba mtu anayeufunga mpango wake na wakati au tukio maalumu huutekeleza zaidi kuliko anayebaki na nia tupu. Andika hivi: "Mshahara ukiingia, kabla sijalipa chochote, nitahamisha sehemu ya kumi kwenda akaunti ya akiba." Mazoezi nayo yape siku na saa, tena siku tatu kwa wiki zinatosha kuanzia.

Wala usikate tamaa mapema. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, wakakadiria kwamba ilichukua wastani wa siku 66 jambo kuwa la kawaida, huku tofauti kati ya mtu na mtu ikiwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka. Kwa hiyo ukikosa Jumatatu, endelea Jumatano bila kujilaumu.

Naomba unitumie orodha mpya yenye malengo matatu, yakiwa yamepangwa kwa uzito. Yale mengine usiyafute. Yaandike kwenye karatasi nyingine, nasi tutayapitia pamoja mara tu utakapomaliza mtihani.

Ni mimi dada yako akupendaye.