Asante, dada wa daftari la kijani

Dada, hukutaka jina litajwe, basi pokea shukrani hivyohivyo kwa kutufundisha mambo ya mikopo na madeni. Sisi wachuuzi wa Majengo, Dodoma, sasa tunajua: deni la shilingi 600,000 kwa riba ya 10% kwa mwezi, ukilipa 60,000 umelipa riba tu, ukilipa 100,000, deni la msingi linashuka 40,000. Ulisisitiza tuombe kwanza taarifa ya mikopo, yaani rekodi ya madeni yako inayotunzwa na kampuni za kumbukumbu za mikopo, na kuhakiki namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, maana deni la mwingine laweza kukukalia. Ukimaliza kulipa, dai barua ya kumaliza deni yenye muhuri, kisha omba taarifa upya; mkopeshaji asipopeleka marekebisho kwenye rekodi hiyo, bado unaonekana mdaiwa sugu. Na kukopa huku ulipe kule, ulivyotukemea! Mungu akuzidishie.