Barua kwa Dada: Ngoma ya Kusimamia Vidole

London, Jumapili usiku

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima, namshukuru Mungu, ila baridi imeanza kung'ata na jua linazama saa kumi jioni kama limefukuzwa. Natumai nyote hamjambo hapo Tanga, na kwamba bati la chumba cha Bibi limeshapigiliwa kabla vuli haijakolea. Hela ya fundi na misumari niliituma Jumatano. Kama haijaonekana muulize wakala, msininyamazie kama mara ile.

Sasa nijibu swali la Bibi. Uliponipigia juzi niliisikia sauti yake kwa nyuma: "Muulize, hiyo ngoma anayoilipia kila mwezi ni ngoma gani?" Nilicheka nikashindwa kumjibu, maana nilikuwa ndani ya basi, na abiria wa huku ukicheka na simu wanakutazama kama umevua nguo. Ndiyo maana naandika. Msomee polepole, na kila nitakapomtaja umpe nafasi ya kutia neno lake.

Inaitwa baleti, ngoma ya kusimamia vidole vya miguu. Wenzangu wa kutoka nyumbani wananicheka. Wao Jumamosi ni nyama choma na mpira, mimi ni kupanda ngazi za jumba la opera na darubini ya kuazima shingoni. Mmoja ananiita "Malkia Elizabeti". Wacha waniite.

Nilianza kwa bahati tu. Desemba 2016 nilikuwa sijatimiza hata nusu mwaka hapa. Mwenzangu wa kazini, Mfilipino, alikuwa na tiketi mbili za sinema na mumewe kashikwa na mafua, akaniambia twende, isipotee. Nikadhani ni filamu. Kumbe ni ngoma inayochezwa saa ileile katika jumba la Royal Opera House, Covent Garden, inarushwa kwa satelaiti, na watu wa mitaa na miji mingine wanaitazama kwenye sinema za kwao na bisi mkononi. Tiketi yake inaweza kuzidi bei ya filamu mara mbili, lakini ile sikuilipia.

Ilikuwa The Nutcracker, ngoma yao ya Krismasi, muziki wa Mrusi Tchaikovsky, iliyochezwa mara ya kwanza Urusi mwaka 1892. Kisa chake chepesi kama cha kulazia watoto: binti anapewa mdoli wa askari wa kuvunjia kokwa, usiku mti wa Krismasi unakua mpaka juu kabisa, panya wanapigana na askari wa bati, mdoli anageuka kijana. Nimetoka zamu, usingizi ulikuwa umeshanichukua nusu. Ndipo kamera ikamsogelea yule binti. Msichana wa maji ya kunde, macho makubwa, anakimbia kama sakafu inampokea. Nikakaa sawa kwenye kiti. Francesca Hayward, ndilo jina lake. Usiku ule ule nikamtafuta kwenye simu: amezaliwa Nairobi mwaka 1992, akalelewa na babu na bibi yake Sussex, huku huku Uingereza, na baleti aliijulia kwenye mkanda wa video waliomnunulia, mkanda wa Nutcracker hiyo hiyo. Nairobi, Dada! Nilimwambia yule Mfilipino ni jirani yetu, akaamini tunafahamiana.

Tangu siku hiyo nimenasa. Lakini niliinasia kwenye sinema, na sinema ina mambo yake.

Uzuri wake ni kwamba uso unauona. Jasho linaloteremka nyuma ya sikio, mbavu zinazopanda na kushuka huku mdomo unatabasamu kana kwamba hakuna kilichotokea. Wakati wa mapumziko wanakuonyesha mazoezi, mtangazaji anaongea na wachezaji, unajua nani alishona nini. Na hakuna anayejali umevaa nini. Mimi nimewahi kuingia na sare ya kazi chini ya koti. Tatizo ni makofi. Watu wa sinema hawajui wapige au wasipige, maana anayepigiwa hasikii. Mmoja anaanza, paa paa, anajishtukia, ananyamaza.

Tena kuna la satelaiti. Juni 2018 walirusha Swan Lake, yaani ziwa la batamaji. Bibi atakipenda kisa hiki, msomee kwa sauti: binti karogwa, mchana ni ndege, usiku anarudi kuwa mtu, na hatafunguka mpaka apate wa kumpenda peke yake. Mchawi anamleta bintiye aliyefanana naye pacha, ila amevaa nyeusi, na mwana wa mfalme, kwa ujinga wa kiume, anamwapia huyo. Mchezaji ni yule yule mmoja kwa wote wawili. Siku hiyo alikuwa Marianela Nuñez, Mwajentina. Huyo wa nguo nyeusi ana sehemu yake ambayo mashabiki wote wanaisubiri: anasimama juu ya ncha ya mguu mmoja, wa pili anautupa kama mjeledi, anazunguka mara 32 mfululizo. Desturi hiyo iliingia na Muitaliano mmoja, Pierina Legnani, aliyezizunguka St. Petersburg mwaka 1895, na tangu hapo anayecheza batamaji mweusi haponi.

Basi nikaanza kuhesabu kimoyomoyo na ukumbi mzima wa sinema ya mtaani kwetu. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Skrini ikaganda. Nuñez mguu hewani, mkono umekata uso nusu, kisha giza. Mzee mmoja mbele yangu akatoa tusi ambalo sitaliandika kwa sababu ya Bibi. Picha iliporudi dada wa watu alikuwa ameinama anapokea makofi. Meneja akatugawia vikaratasi vya kutazama filamu yoyote bure, nikatazama moja ya magari sikuielewa. Mpaka leo nadai mizunguko kumi na mitano.

Zamani Jumapili mchana walikuwa wakirusha pia baleti ya Bolshoi, kutoka Moscow. Nilikuwa naipenda saa ile, nje mvua, ndani wazee wachache na chupa zao za chai. Vita vya Ukraine vilipoanza mwaka 2022 matangazo hayo yakakoma, na wale wazee sijui wamehamia wapi.

Lakini nilitaka kufika kwenye jumba lenyewe, maana huko ndiko nilikomkuta Bibi.

Usinielewe vibaya kuhusu pesa. Viti vya chini vya jumba lile bei yake sitakuandikia, utadhani natuma pungufu kwa makusudi. Lakini Ijumaa saa saba mchana wanatoa tiketi za mwisho mtandaoni, na mimi huzipigania kwenye simu nikiwa chumba cha chai kazini, kidole tayari kama mtu wa bahati nasibu. Nilipata kiti cha pembeni, juu kabisa, karibu na dari. Thuluthi ya jukwaa huioni mpaka uegemee ukingo, na ukiegemea wa nyuma yako anakohoa. Wakati wa vita vya pili jumba hilo liligeuzwa ukumbi wa dansi, askari na wasichana wakicheza pale chini penye viti vya bei. Baleti ilirudi Februari 1946. Sasa ni zulia jekundu na dhahabu kila kona, na pazia zito ambalo likianza kufunguka watu wanaacha kukohoa wote kwa pamoja.

Siku hiyo ilikuwa Giselle. Ya Paris hiyo, 1841. Msichana wa kijijini mwenye moyo mgonjwa anadanganywa na bwana mkubwa aliyejifanya mkulima, akigundua anarukwa na akili, anakufa. Kabla ya hayo mama yake anamwonya, na ndipo nilipoishika mikono ya kiti. Mama hasemi neno, hakuna anayesema neno kwenye baleti. Anasema kwa mikono: kule msituni, usiku, kuna wasichana waliokufa kabla ya ndoa, wanaotoka makaburini wakamchezesha mwanamume mpaka roho itoke. Viganja vinakunjwa ngumi, vifundo vinapishana mbele: hicho ni kifo. Kidole kinagusa kidole cha pete: hiyo ni ndoa. Bibi, ni wewe mtupu! Ni wewe ukituambia tusipite chini ya mbuyu magharibi. Hata ule mkono wa kuonyesha giza linashuka ulikuwa wako.

Sehemu ya pili wanatoka wenyewe, hao mashetani wa kike. Wanaitwa wili. Nyeupe tupu, shela usoni, mistari kwa mistari. Halafu wanaanza kuvuka jukwaa kwa kuruka mguu mmoja, wa pili umenyooshwa nyuma, mwili umelala mbele. Mstari wa kushoto unakwenda kulia, wa kulia unakwenda kushoto, na katikati wanapishana bila kugusana. Kule juu nilikuwa nasikia viatu. Kishindo chepesi, kimoja, kama matone ya kwanza kwenye makuti. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na mimi nikajikuta nalia kwa ajili ya lelemama, ngoma ya akina Bibi.

Unakumbuka Bibi alivyokuwa akituhadithia kikundi chao? Nguo za sare, mstari mmoja, zumari linalia, na mchezo wote ni mikono na shingo. Atakayetikisika kuliko mwenzake kaharibu. "Lelemama haina nyota," alikuwa akisema, "ina mstari." Nilikuwa siielewi. Nilidhani ni wivu wa kizee kwa aliyekuwa mzuri zaidi. Juu ya kile kiti cha pembeni nikaielewa, maana kule juu hakuna kamera ya kunichagulia uso. Nyota alikuwa bado hajatoka kaburini, na sikumkumbuka hata mara moja.

Ndiyo sababu, Dada, ijapokuwa sinema ni karibu na nyumbani na viti vyake vinalala, sasa naitumia kama mtu anayetazama picha za harusi aliyoikosa. Kamera inapenda uso na miguu. Mstari wa wili haumtoshi mpiga picha. Akiuchukua wote wanakuwa wadogo kama mchele, akisogea amepoteza nusu. Kiti changu cha darini kinanipa mchele, lakini wote.

Bibi aliuliza pia kama wachezaji hawaumii. Wanaumia, mwambie. Kiatu kile cha kusimamia vidole ndani hakina mbao kama watu wanavyodhani. Ni matabaka ya kitambaa na karatasi nzito yaliyogandishwa kwa gundi, nje satini. Kikiwa kipya kigumu kama kifuu, mchezaji anakipigapiga ukutani au kwenye ngazi mpaka kilainike, anashona utepe kwa mkono wake mwenyewe. Mchezaji mkubwa anaweza kumaliza jozi kwa onyesho moja. Na kwa miaka mingi rangi ilikuwa moja, ya waridi, ya ngozi ya kizungu. Wachezaji weusi walikuwa wakivipaka vipodozi vya uso, viatu, ili mguu usikatike pale unapoishia mwili. Mwaka 2018 tu ndipo Freed, washonaji wa London wa tangu 1929, walipotoa vya kahawia pamoja na kikundi kiitwacho Ballet Black. Niliviona dirishani. Nilisimama pale mpaka muuzaji akatoka kuniuliza kama nacheza. Na miguu hii ya kusimama zamu ya saa kumi na mbili mfululizo! Nikamwambia natazama tu.

Mwisho wa onyesho pazia linafunguka tena na tena, wanaleta mashada ya maua, wengine wanayarusha kutoka pembeni. Wenyewe wanaona ni heshima kubwa. Mimi niliyezoea taarabu nilitamani nishuke na noti nimtunze mtu kwenye paji la uso. Ningekamatwa.

Sasa nina swali langu kwa Bibi, na hili ulimuulize akiwa amekula, si kabla. Mara ya mwisho nilikwenda na ile darubini, nikamlenga wili wa mwisho mstarini, yule wa pembeni kabisa ambaye hana mtu upande mmoja. Wenzake wote macho mbele, yamekufa, kama walivyofundishwa. Yeye kichwa hakikugeuka hata kidogo, ila macho yalikuwa yameteleza pembeni, sekunde moja tu, kisha yakarudi. Sijui alitafuta bega, au mguu, au alikuwa anasikiliza pumzi ya jirani yake. Bibi alikuwa anasimama mwisho wa mstari. Mama ndiye aliyenihadithia. Muulize: yeye alikuwa akitazama nini?

Nipigieni Jumamosi mchana, usiku niko zamu. Wasalimie watoto, na yule mkubwa mwambie viatu vya mpira nimeviona ila namba sina uhakika, anipimie mguu kwa kamba.

Mdogo wako