Fagio langu limerudi bila mpini

Mhariri,

Jumamosi mjukuu wangu aliazima fagio langu la uani akacheze kwidichi shuleni. Wanachangisha fedha za madawati. Mchezo huo umetoka kwenye hadithi za wachawi, na uwanjani ulianza kuchezwa mwaka 2005 huko Vermont, Marekani. Kila mchezaji hubana mpini mapajani huku akikimbia. Ukipitisha mpira kwenye pete, pointi 10. Kuna na mpira wa tenisi ndani ya soksi, unaning'inia nyuma ya kaptula ya kijana anayekimbizwa. Nilicheka hadi khanga ikanidondoka!

Wazee wenzangu wananung'unika eti uchawi. Uchawi gani, na hakuna aliyepaa? Nimetoa shilingi 5,000 kwa moyo mmoja. Ila mpini wangu naudai, uani majani ya mwembe yamejaa.

Bibi wa wajukuu sita,
Tanga