Sungura asiye na jeraha aliuawa na nini?

Ndugu Mhariri,

Jumamosi ya mwanzo wa mwezi huu, jua halijapanda vizuri, kijana mmoja alibisha hodi kwangu hapa Igoma akiwa na kiroba begani. Tulisalimiana, akaniambia, "Bibi, leo nimekuletea kitoweo cha kwenu." Akamwaga chini sungura pori wawili, wakubwa, manyoya safi kana kwamba wamelala usingizi. Elfu kumi kwa mmoja, na wote wawili angenipa kwa elfu kumi na tano.

Nikachuchumaa, nikamshika mmoja miguu ya nyuma, nikamgeuza. Nilikuwa natafuta jeraha. Shingoni hakuna, mgongoni hakuna, tumboni hakuna. Nikayapuliza manyoya yafunguke nione ngozi. Sikuona jino la mbwa, sikuona mstari wa waya wa mtego, wala damu iliyovilia mahali popote. Ila kidevuni palikuwa na ute uliokauka, manyoya yamegandana na mchanga umenata juu yake. Nikamuuliza, "Mjukuu wangu, hawa umewauaje?" Akatazama miguu yake. "Nimewaokota shambani, bibi."

Sikununua. Nilimwambia akawazike, akaitikia, akaondoka na kiroba chake.

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini niliwakataa, maana wapo watu hapa mjini wanaonunua nyama ya namna hii kila wiki, nao hawamgeuzi mnyama kumtazama.

Mimi nilizaliwa Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, sehemu ambayo siku hizi ni Wilaya ya Busega, ingawa sisi wa zamani bado tunasema Magu. Sungura wa kule ana historia. Mjukuu wangu anayesoma Baiolojia alinionyesha kwenye simu kwamba jina lake la kitaalamu ni Lepus victoriae, yaani sungura wa Victoria, na kwamba alipewa jina hilo mwaka 1893 na Mwingereza aitwaye Oldfield Thomas, kutokana na sungura aliyepatikana hapo hapo Nassa. Nilifurahi sana. Mnyama aliyetulea anajulikana duniani kwa jina la ziwa letu.

Marehemu baba aliwinda kiangazi, pamba ikishavunwa na majani yakishakauka. Sungura pori hachimbi shimo kama wa kufugwa. Mchana hulala juu ya ardhi, chini ya kichaka kidogo cha majani, amejibonyeza kwenye kilalio chake, masikio ameyalaza mgongoni. Unaweza kumkaribia hata hatua tatu usimwone. Halafu ghafla anafyatuka miguuni pako na moyo unakuruka. Baba alituonya tusimkimbize kuelekea mlimani, kwa sababu miguu yake ya nyuma ni mirefu na mlima kwake ni tambarare. Kaka zangu walijipanga mstari na fimbo, mbwa wawili mbele. Wakipata wawili, baba alisema basi, twende nyumbani. Hata kama wa tatu amefyatuka mbele yetu, mbwa waliitwa warudi.

Nyumbani kazi ya kwanza haikuwa kuchuna. Ilikuwa kutazama. Baba alimkagua sungura kwenye mwanga, akatuonyesha fimbo ilipompiga au mbwa alipomkamata, kisha akapasua tumbo na kulitoa ini. Ini zima, jekundu, laini, tunaendelea. Ini lenye madoa meupe, mnyama mzima anafukiwa, na hakuna aliyebisha hata kama tulikuwa na njaa. Na mnyama aliyekutwa amekufa porini hakuguswa kabisa. Kimeta tulikijua. Tulishaona ng'ombe waliokufa ghafla wakitoka damu puani, na watu waliowachuna wakaota vidonda vyeusi mikononi. Hata leo maofisa mifugo wanasema hivyo hivyo: mzoga wa mnyama aliyekufa ghafla usipasuliwe, toa taarifa.

Sasa Mhariri, hapa ndipo ninapoumia. Elimu hiyo ya baba, ya ini na madoa, haioni sumu. Sungura aliyekula kiuatilifu cha pamba, yaani dawa ya kuulia wadudu wa shambani, anaweza kuwa na ini zuri kuliko la yeyote tuliyemla utotoni. Nyama yake inaweza isitoe harufu. Inaweza isibadilike rangi. Nimepika katika shule ya sekondari ya bweni kwa miaka 27, nimekagua nyama ya ng'ombe, ya mbuzi na samaki wa kila aina, na nakwambia kwa mkono na jicho nisingeweza kuitambua. Kilichonisaidia ni kukosa jeraha na ule ute wa kidevuni.

Yule kijana hakuwazika. Alipotoka kwangu aliwauza nyumba ya tatu kutoka hapa. Baba mwenye nyumba aliwachuna uani, matumbo akamtupia mbwa wake, nyama ikaingia sufuriani. Saa nne hivi nikasikia mbwa analia sauti ambayo si ya kubweka. Nilipofika alikuwa amelala ubavu, mate yanamtoka kama povu la sabuni, miguu inatetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Kabla ya saa sita alikuwa amekufa. Nilimshika mke wa jirani mkono, nikamwambia, "Mwanangu, ipua hiyo sufuria." Watoto wanne walikuwa wamekaa kwenye mkeka wakisubiri. Nyama, mchuzi na mwiko wa mti tulivifukia kwenye shimo refu, juu tukaweka mawe. Sufuria nayo nilimsihi aiache, akaiacha huku analia, kwa kuwa ilikuwa mpya. Kuna watu wanaoamini moto huua kila kitu. Moto huua vijidudu vingi. Sumu ya shambani si kijidudu, na hakuna anayepaswa kuutegemea moto wa jikoni kuiondoa.

Sisi wa Mwanza hatukupaswa kusahau. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu kulikuwa na watu wanaovua kwa viuatilifu. Viwanda vya minofu vilitikisika, wavuvi wasio na kosa wakakosa soko la sangara, na familia nyingi hapa zililala na njaa kwa makosa ya wachache. Mwaka huo ndugu yangu wa Kirumba aliuza injini ya mtumbwi wake. Sasa ujanja ule ule umetoka majini umehamia shambani. Kanga wanawekewa mahindi yenye sumu, sungura wanawekewa viazi vyenye sumu. Wala sumu haichagui. Kanga aliyekufa kichakani analiwa na mwewe na tai, tai naye anaanguka. Mbuzi anaokota chambo kilichobaki. Mtoto anachezea kipande.

Mtego wa waya nao siutetei. Ni kebo ya breki ya baiskeli au ya pikipiki, kitanzi kwenye njia ya mnyama, basi. Mnyama anakaa humo usiku kucha akijikaza mpaka waya unafika kwenye mfupa. Ndama wa kaka yangu alikatika mguu hivyo karibu na Lamadi. Lakini walau nyama ya waya ina alama, unaijua.

Sitaki nieleweke kwamba nawachukia wanaopenda nyamapori. Mimi mwenyewe naipenda. Nyama ya sungura pori ni nyekundu iliyokolea, karibu na ya ini, wala haifanani na ile nyeupe ya sungura wa kufugwa. Haina mafuta, kwa hiyo ukiichoma haraka inakuwa kamba. Mama aliibanika kwanza juu ya moto wa kuni mpaka ikauke nje, ndipo akaikatakata na kuiweka kwenye chungu na maji, chumvi na vitunguu. Moto mdogo, masaa mawili, ya mzee hata matatu. Mzee unamjua kwa sikio: la kijana linachanika kwa vidole, la mzee linakataa. Nyama ikilainika ndipo karanga zilizotwangwa zinaingia, unakoroga bila kuacha mpaka mafuta yapande juu. Hizo karanga ndizo zinampa sungura mafuta ambayo Mungu hakumpa. Tulikula kwa ugali wa udaga, yaani wa mihogo iliyovundikwa, na asubuhi mchuzi uliobaki tulichovya matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Jirani yetu Msabato hakuwahi kula, kwa sababu kitabu cha Walawi sura ya 11 kinamkataza sungura, na mama kila mara alimpikia mlenda pembeni kwa chungu kingine ili naye aketi nasi. Ninapoandika hivi naisikia harufu.

Lakini zama zile zimepita, na nasema hivyo bila kinyongo. Watu tumeongezeka, vichaka vimepungua. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma na hawindwi bila leseni, na sumu na mitego vimekatazwa. Mwaka 2020 serikali ikatunga kanuni za mabucha ya nyamapori ili anayetaka nyama hiyo aipate kwa njia halali, imekaguliwa na ina risiti. Hilo ni jambo jema mno. Tatizo ni kwamba vijana wa vijijini wanaisikia sheria siku ya kukamatwa tu. Nawaomba maofisa wanyamapori na watu wa TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, waje kwenye magulio na minada yetu, siku ya kawaida, bila bunduki, wakae kwenye kiti, waeleze leseni ni nini, inagharimu kiasi gani, mnyama gani anaruhusiwa na yupi haruhusiwi. Waseme pia mkulima ambaye sungura wamemmalizia kunde na choroko aende kwa nani. Huyo mkulima yupo, na ana hasira, na chupa ya sumu iko karibu naye kuliko ofisi yoyote.

Na wenye maduka ya pembejeo nao wasikilize. Kiuatilifu kinapimwa na kuuzwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, haina maelezo. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo kwa ajili ya mambo haya. Nawaomba waanze na masoko madogo ya pembezoni, huko ndiko chupa hizi zinakojazwa.

Kwa mnunuzi mwenzangu wa Igoma, Buhongwa, Kisesa, popote ulipo: anayekuletea nyama mlangoni muulize aliipataje, akikwambia ameokota, usiipokee hata bure. Na kama mtu amekula akaanza kutoka mate na jasho jingi, kutetemeka au kuona ukungu, usimpe maziwa ukasubiri. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, na kama chupa ya hiyo sumu ipo, nenda nayo daktari aione.

Yule kijana alirudi Jumamosi iliyofuata bila kiroba. Alikuwa amesikia habari za mbwa. Alikaa kwenye kigoda pale jikoni, akanieleza yote bila kuulizwa. Dawa ni ya shamba la mjomba wake. Alipima kwa kifuniko cha soda, akachanganya na vipande vya viazi kwenye beseni kwa mikono yake mitupu, mara tatu mwezi uliopita, na siku hizi kichwa kinamuuma na macho yanaona giza jioni. Ana miaka 16. Nilimshika viganja nikavinusa. Alikuwa ameoga, amevaa shati safi, lakini kwenye kucha harufu ya dawa ilikuwapo bado. Siku hiyo hiyo nilimpeleka kituo cha afya, wamempa tarehe ya kurudi.

Beseni tumelitoboa matundu lisitumike tena. Chupa aliniletea, nusu imebaki. Nimeifunga kwa mfuko mara mbili, nimeiweka juu ya kabati la stoo ambako watoto hawafiki, na nimeshampigia simu ofisa kilimo wa kata aje kuichukua. Leo ni siku ya nne namsubiri.

Mpishi mstaafu,
Igoma, Mwanza