Marejesho ya kila wiki hayaendani na msimu wa mvua wa Dodoma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo sisi wa vijiji vya Dodoma tunaliishi kila mwaka, lakini ambalo ni nadra kulisikia panapozungumzwa habari za huduma za fedha. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa asilimia 76 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Sina ubishi na takwimu hizo, kwani tangu huduma ya fedha kwa simu ilipoingia nchini mwaka 2008, mtoto aliyeko Dar es Salaam anaweza kumtumia mama yake fedha za dawa jioni ileile, na hilo ni jambo kubwa. Lakini kupokea na kutoa fedha kwa wakala ni huduma moja, na kupata mtaji wa kulimia ni nyingine kabisa. Hiyo ya pili ndiyo inayoamua kama kaya itapanda daraja au itabaki pale ilipo.

Kanda ya Kati tuna msimu mmoja tu wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili. Fedha za mkulima wa alizeti au mtama humtoka kwa mkupuo kati ya Novemba na Januari, na humrudia kuanzia Mei, akishavuna. Mkopo unaodai marejesho kila wiki humfaa mwenye genge mjini, ambaye anauza kila siku. Kwa mkulima, mkopo huo huanza kumla kabla haujamzalishia chochote.

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa katika Wilaya ya Chamwino. Mwanachama wetu mmoja, mama wa watoto wanne, alikopa shilingi 300,000 katikati ya Novemba kutoka kwa mkopeshaji mmoja wa mjini ili alimishe shamba na kununua mbegu za alizeti. Alitakiwa kurejesha shilingi 24,000 kila Jumatano kwa wiki 16, yaani shilingi 384,000 kwa jumla, na wiki ya kwanza ya marejesho ilifika mbegu zikiwa bado ndani ya mfuko. Januari aliuza mbuzi watatu, wawili kati yao wakiwa na mimba, kwa bei ya kutupa, kwa sababu mwezi huo kila mtu anauza mbuzi ili anunue mahindi na sare za shule. Siku moja nilikuwepo kwake afisa mikopo alipokuja. Mama alimwambia, “Mwanangu, tutalipa tukivuna.” Kijana alijibu kwa upole kabisa, “Mama, na mimi nimetumwa.” Februari alikopa kwingine ili alipe deni la kwanza, na Mei, alizeti ilipokomaa, sehemu kubwa ilikuwa imekwishauzwa ikiwa shambani. Mikopo ya namna hii ndiyo watu wameipa jina la kausha damu, na jina hilo limetoka kwa waliokaushwa.

Wapo watakaosema kwamba mama huyo alikosa elimu ya fedha. Siafiki. Alijua kupiga hesabu kuliko wengi wetu, ila hakuwa na mkopo mwingine wa kuchagua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji katika madaraja, na Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wasiopokea amana. Yeye alitozwa asilimia 7, na karatasi aliyotia saini hakupewa nakala yake.

Swali ambalo huulizwa ni kwa nini hakukopa katika kikundi chetu. Jibu ni kwamba Novemba sanduku letu la kufuli tatu huwa tupu, kwa kuwa wanachama wote ni wakulima na wote wanahitaji fedha mwezi uleule. Kikundi cha majirani huweza kumsaidia mmoja aliyeugua au kufiwa, lakini hakiwezi kuwakopesha wote kwa wakati mmoja. Kwa hiyo lazima fedha zitoke nje ya kijiji, iwe kwa benki, kwa SACCOS au kwa halmashauri kupitia asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Ombi langu kwa wenye mamlaka, pamoja na benki zinazosema zinamlenga mkulima, ni hili. Mikopo ya kilimo katika mikoa ya Dodoma na Singida itolewe kabla ya Novemba kwisha, mkopaji alipe riba peke yake kila mwezi, na deni lenyewe lirejeshwe kati ya Juni na Agosti. Dhamana iwe kikundi, kwa sababu wanawake wengi wanalima ardhi ambayo hati yake, kama ipo, ina jina la mume. Kikundi chetu kina daftari la hisa na marejesho la miaka 6, na tuko tayari kulifungua mbele ya afisa yeyote atakayekuja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi,
Chamwino, Dodoma