Muziki wa mbalamwezi si wa kubembelezea usingizi

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita msomaji wenu mmoja alilalamika kwamba watoto wetu wanafundishwa "miziki ya Kizungu ya kubembelezea usingizi" badala ya ngoma. Ngoma siipingi hata kidogo. Nimezaliwa Busoga, hapa Uganda, na embaire, ile marimba yetu kubwa ya mbao, imenikesheza mara nyingi. Ila nahisi muziki uliomkera ni ule alioupiga mjukuu wangu kwenye ukumbi wa parokia yetu, na kama ndio huo, naomba nafasi kidogo.

Unaitwa Clair de lune, yaani mbalamwezi. Claude Debussy, Mfaransa, aliuanza mnamo 1890 hivi, akauchapisha 1905, ukiwa wa tatu kati ya vipande vinne vya Suite bergamasque. Jina limetoka kwenye shairi la Paul Verlaine, ambamo watu waliovaa vinyago wanaimba na kucheza usiku wa mwezi huku mioyo yao imejaa huzuni. Sasa hapo usingizi uko wapi?

Mimi nilipuliza klarineti bendi ya polisi miaka 22. Kule ni kushoto, kulia, na ukichelewa nusu hatua sajini yuko mgongoni. Nilipostaafu nikaanza kujikongoja kwenye piano, na katika kipimo cha 15 cha muziki huu nikakuta maneno tempo rubato. Nikamuuliza padri, maana Kiitaliano anakijua. Akacheka: "Muda ulioibwa, Mzee." Mimi niliyekula mshahara wa kukamata wezi! Lakini ndivyo ulivyo. Kila kipimo kina mapigo madogo tisa, matatu matatu. Mara Debussy anaweka mawili pale sikio linaposubiri matatu, na mguu uliozoea gwaride unakosa pa kukanyaga. Besi inashikwa chini, kodi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, zinapanda juu yake taratibu, na mpigaji ndiye anayeamua achelewe wapi na alipe wapi. Ilinichukua mwaka mzima kuacha kuhesabu kwa kidevu.

Mjukuu wangu ana miaka 14 na alianzia kwenye kibodi. Mwalimu wake wa kwanza, ambaye simtaji, alimwambia flati tano (zile alama za kushusha noti) za nini, piga kwenye C isiyo na flati, halafu bonyeza transpozi, kitufe cha kuhamisha sauti zote juu au chini. Wapiga vinanda wa makanisani wananielewa. Sauti itatoka ilivyoandikwa, sawa, lakini vidole havitakuwa vimejifunza kulala juu ya vile vitufe vyeusi. Tena kibodi yenyewe ni ile ambayo ugonge au uguse, sauti ni moja, na Debussy mwanzoni kabisa ameandika pp, kwa upole sana.

Basi kila Jumamosi tulipanda boda hadi kwenye piano kuukuu ya parokia. G-flat ya kati, kimoja cha vile vitufe vyeusi, ilikuwa inakwama kwa unyevu wa ziwa. Tukawasha balbu ndani ya sanduku lake usiku kucha ili mbao zikauke, mpaka umeme ukakatika, hapa hapa Jinja penye mabwawa ya umeme ya Nalubaale na Kiira. Nikamwambia mtoto: shusha kitufe polepole hadi chini bila kutoa sauti yoyote. Akaweza. Sasa kishushe tena, ongeza kidogo tu, nyundo iguse waya. Hapo ndipo pp inapokaa. Jumamosi tatu hatukufanya kingine. Alisema, "Babu, mkono unauma kuliko nikipiga kwa nguvu," nikajua ameanza kuelewa.

Siku yenyewe alipiga vizuri, ingawa pale katikati, mkono wa kushoto unapotiririka, alikimbia kidogo. Mwishoni Debussy ameandika morendo jusqu'à la fin, sauti iendelee kufa hadi mwisho. Mtoto alikuwa bado amekanyaga pedali inayoshikilia sauti, kodi ya mwisho inasinyaa, ukumbi kimya, hata watoto wa mbele wamenyamaza. Mshereheshaji akarukia maikrofoni: "Jamani, betri imekwisha? Makofi!" Watu wakacheka. Mjukuu wangu akatoa mguu.

Washereheshaji nawaomba hilo moja: tazameni mguu wa mpigaji. Ukiwa bado kwenye pedali, muziki haujaisha.

Na huyo msomaji mwenzangu namkaribisha Jumamosi yoyote saa kumi jioni. Akae kwenye benchi karibu kabisa na piano, si kule nyuma kwenye spika. Mtoto atampigia wote tangu mwanzo. Kuhusu G-flat simwahidi kitu, itategemea kama usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikuwepo.

Mzee wa Klarineti,
Walukuba, Jinja